Kifaa Kinachokohoa

Kabla hajawa kifaa, Elzie Prater alikuwa mtu, tena mtu wa kawaida kabisa. Alichimba makaa ya mawe miaka kumi na tisa kwenye mgodi wa kaunti ya Floyd, mpaka mgodi ukafungwa na yeye akaondoka na urithi wake, yaani kikohozi. Alikuwa mume wa Imogene miaka thelathini, mpaka Imogene akaanguka jikoni akimenya viazi na asiinuke tena. Baada ya mazishi alikunywa miezi minne mfululizo, halafu akaacha. Watu wa kanisani wakasema ni nguvu ya maombi. Yeye alisema pombe inachosha, haina mazungumzo.

Basi akateremka kutoka milimani akapata kazi ya kufagia na kulisha wanyama katika maabara ya Profesa Wendell Haupt, kwenye ghorofa ya chini kabisa ya jengo la chuo kikuu, ambako jua halifiki. Hivyo ndivyo Kentucky inavyomtunza mtu wake: ukitoka shimo hili, unatiwa lile.

Kazi ya maabara ile, ukimweleza mtu mwenye akili zake, atadhani unamtania. Kulikuwa na tumbili kumi na wanane, kila mmoja na chumba chake. Kila tumbili alikuwa na mpira mwembamba mgongoni, umeingia mpaka mshipani, na mbele yake ukutani palikuwa na kibonyezo. Akibonyeza mara kumi, pampu inavuma na dawa inaingia mwilini: wengine mofini, wengine kokeini. Profesa alitaka kujua tumbili atajitaabisha kiasi gani kwa ajili ya dawa. Kwa hiyo alikuwa akipandisha deni la kazi: mara kumi, ishirini, arobaini, themanini, mpaka tumbili achoke aache. Namba aliyoachia iliandikwa kwa wino mweusi. Namba hiyo, alisema Profesa, ndiyo yote binadamu anayoweza kuyajua kuhusu yaliyomo ndani ya tumbili. Mengine ni porojo za jikoni.

Na porojo hakuzitaka. Ukutani, juu ya sinki, alibandika karatasi yenye maneno yasiyoruhusiwa ndani ya maabara: anapenda, anataka, anachukia, anafurahi, anamkumbuka. Tumbili hapendi. Tumbili anabonyeza. Majina pia yalikatazwa, namba tu. Elzie alitii kwa mdomo, lakini moyoni Namba Kumi na Nne wa chumba cha nane alimwita Shemasi, kwa sababu alikuwa akikaa ameweka mikono juu ya tumbo na kuinamisha kichwa, sawasawa na mashemasi wa kanisani kwao mahubiri yanapopita saa mbili.

Neno moja lilimsumbua Elzie tangu wiki ya kwanza. Pale mnyama hakuwa anauawa. Utafiti wake ukiisha, anatolewa kafara. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu, na wasomi walilitamka bila kupepesa macho, wakati wakitafuta sukari ya kahawa.

"Kafara kwa nani?" Elzie aliuliza.

"Ni neno la kazi tu, Bwana Prater," alisema Profesa.

"Ibrahimu naye alikuwa kazini."

Profesa hakucheka. Kucheka hakukuwamo kwenye ile karatasi ya marufuku, lakini kulijikataza kwenyewe.

Sasa, mlango wa kila chumba ulikuwa na kidirisha cha kioo, na moja ya kazi za Elzie ilikuwa hii: pampu ikivuma, achungulie kuhakikisha mpira haujachomoka, kisha atie alama kwenye daftari. Kazi ya sekunde kumi. Ila Elzie ni mtu wa milimani, na mlimani huchungulii nyumba ya mtu bila salamu; ukifanya hivyo, unatafuta risasi. Kwa hiyo kila alipochungulia alivua kofia yake kidogo, akainamisha kichwa, akairudisha. Kwa tumbili wote kumi na wanane, siku nenda siku rudi, miaka saba. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo, na hata wangemwona, hapakuwa na safu ya kuandikia adabu.

Mwaka 1973, mwezi wa pili, ikatokea kasoro. Chupa zote pale zilikuwa na herufi za siri badala ya majina ya dawa, ili mwenye kuhesabu asijue anahesabu nini na kujidanganya. Utaratibu mzuri sana, mpaka na mwenye kujaza chupa naye asijue. Bernadine Kuzma, msichana wa Pennsylvania aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa chini ya Profesa, alijaza chupa za vyumba sita kwa maji ya chumvi badala ya kokeini. Kosa likaenda wiki tatu. Tumbili watano kati ya sita waliacha kubonyeza siku ya nne, kama vitabu vinavyosema. Wa sita alikuwa Shemasi. Yeye aliendelea kubonyeza na maji yake ya chumvi vilevile, wala hakupunguza hata kidogo.

Profesa aliitazama karatasi ya mashine inayohesabu mibonyezo, ambapo kalamu ilikuwa imechora mstari unaopanda kama ngazi, akachukia. Alichukia kimya kimya, maana neno lenyewe lilikuwa marufuku.

"Mnyama huyu ni mbovu," akasema. "Hatofautishi dawa na maji. Anaharibu wastani. Bi Kuzma, andaa fomu."

Elzie alikuwa pale na ufagio. Alisikia "fomu" akajua ni ile ya kafara.

"Profesa, samahani. Chupa haina kosa na tumbili hana kosa. Anabonyeza kwa sababu anapenda…"

Profesa akaelekeza kidole ukutani.

"Kwa sababu ana hamu ya…"

Kidole hakikushuka.

"Kwa sababu moyoni mwake, yaani…"

"Bwana Prater! Kama huna data, una ufagio."

Elzie aliondoka kwa hasira. Saa ya chakula alimfuata Bernadine kwenye chumba cha boila, ambako wawili hao walizoea kula, kwa sababu palikuwa na joto. Yeye alikuwa na maharagwe na mkate wa mahindi, binti alikuwa na kitunguu ndani ya mkate na huzuni ya kuharibu chupa sita.

"Mwanangu," alisema Elzie, "nipe hayo maneno yenu. Yangu yamegonga ukuta."

"Maneno gani, mzee?"

"Hayo mnayoongea ninyi mkitaka kusikilizwa."

Bernadine akafuta mdomo. "Haya. Lililo kubwa ni kiimarishi. Kiimarishi ni kitu chochote ambacho mnyama akikipata baada ya kufanya jambo, atalifanya tena."

"Chochote? Hata maharagwe?"

"Hata maharagwe."

"Hata Imogene wangu?"

Binti alikirudisha kitunguu chake ndani ya mkate. "Sijui, mzee. Hajawahi kupimwa."

Elzie alitafuna akitafakari. Kesho yake asubuhi alimkuta Profesa mlangoni, akavua kofia, akasema yote kwa pumzi moja, maana alikuwa amekariri njia nzima: "Profesa, katika chumba cha nane kila mibonyezo kumi inafuatwa na vitu viwili, pampu na mimi. Pampu ilikuwa inatoa maji ya chumvi. Kwa hiyo nimebaki mimi. Mimi ndiye kiimarishi."

Profesa alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kumtazama usoni.

"Unadai kwamba uso wako, Bwana Prater, una nguvu ya kokeini?"

"Sidai. Nipime."

Hapo ndipo Profesa alipokamatika. Unaweza kumnyima mtu wa namna ile chakula, usingizi na mapenzi, akavumilia. Lakini ukimwambia "nipime" hawezi kukataa. Fomu ikawekwa kando. Mafundi wakafunga kilango cha chuma juu ya kidirisha cha chumba cha nane, na nyuma yake wakaweka kiti. Shemasi akibonyeza mara kumi, kilango kinafunguka sekunde kumi, anamwona Elzie akivua kofia, kilango kinafungwa. Basi. Hakuna dawa, hakuna tunda.

Ikawa kazi rasmi sasa. Mibonyezo kumi, ishirini, arobaini. Namba ya juu kabisa ya Shemasi kwa kokeini ilikuwa mia sita na arobaini. Kwa Elzie alifika elfu moja mia mbili na themanini, halafu akalala kwa uchovu akiwa ameshikilia kibonyezo.

Profesa alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alipima kila kitu. Aliweka picha ya Elzie nyuma ya kilango: mibonyezo kumi na miwili. Aliweka kofia ya Elzie juu ya ufagio: arobaini. Alimweka mchungaji wa kanisa la Elzie, aliyekuja kwa hisani: ishirini. Mwishowe alijiweka yeye mwenyewe, amechana nywele na kufunga tai mpya. Shemasi alibonyeza mara kumi, kilango kikafunguka, akamwona Profesa wa chuo kikuu mwenye shahada tatu. Hakubonyeza tena mpaka siku ya pili.

"Andika kumi," alisema Profesa, na mchana kutwa hakula.

Kukawa na shida moja tu. Kanuni za chuo zilitaka binadamu anayetumika katika utafiti ajadiliwe na kamati, na kamati ilikaa mara mbili kwa mwaka. Profesa hakuwa na subira hiyo. Alimwandikisha Elzie kwenye rejista ya vifaa vya maabara, kati ya pampu ya akiba na mzani wa umeme. Bwana mmoja wa stoo alikuja na daftari lake kuhakiki.

"Kitoa Uso, kimoja," alisoma. "Kiko wapi?"

"Ndiyo mimi," alisema Elzie.

Bwana wa stoo hakushtuka. Alikuwa amehakiki mengi. "Mwaka wa kutengenezwa?"

"Elfu moja mia tisa na nane."

"Kinatumia umeme?"

"Hapana. Maharagwe."

"Kina kelele?"

Elzie akakohoa, kile kikohozi chake cha mgodini kinachoanzia magotini. Bwana wa stoo akaandika "kiasi," akabandika kibati chenye namba kwenye koti la Elzie, upande wa moyo, akaenda kuhakiki meza. Jumapili ile Elzie alikwenda nacho kanisani. Alisimama wakati wa ushuhuda akasema Bwana amemjalia kuishinda kokeini mara mbili. Watu wakaitikia amina kwa sauti kubwa sana, wakiamini ni habari nyingine.

Ningependa kusema hadithi iliishia hapo, kila mtu ana raha. Lakini utafiti ni lazima uishe, na wa aina ile unaishia njia moja: kuzimwa. Yaani kiimarishi kinafichwa, mnyama anaachwa abonyeze bure mpaka akate tamaa. Bernadine alimsomea Elzie utaratibu kule kwenye chumba cha boila, bila kumtazama. Kilango hakitafunguka tena. Elzie atakaa kwenye kiti chake nyuma ya kilango, kimya, kama kawaida, ili harufu na joto lake visibadilike. Siku Shemasi atakapokuwa ameshuka chini ya mibonyezo kumi, siku tatu mfululizo, atahesabiwa kuwa amekamilika.

"Amekamilika, halafu?"

"Mzee, unajua halafu."

"Na asiposhuka?"

"Asiposhuka, mtihani unaendelea. Lakini wote hushuka."

Siku ya kwanza Elzie alikaa nyuma ya chuma akisikiliza. Tak, tak, tak. Mara mia tisa asubuhi ile. Kila mbonyezo ulimchoma. Kilango kilikuwa na unene wa kidole, na upande wa pili alikuwapo mtu anayebisha hodi mara mia tisa kwenye nyumba ambayo mwenyewe yumo. Kwao milimani hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Elzie alilia, na sioni sababu ya kuficha.

Siku ya tano Shemasi alikuwa ameshuka mpaka mia mbili. Siku ya saba, sabini. Na siku ya nane, Shemasi alipokuwa amebonyeza mara thelathini na kutulia, Elzie akakohoa. Naapa hakukusudia. Vumbi la makaa halina mpango. Lakini upande wa pili vikasikika vishindo vya mikono na miguu, kisha tak-tak-tak-tak kama mvua juu ya bati. Siku ile kalamu iliandika mia nne na kumi.

Elzie hakuwa mjinga. Miaka saba alifagia chini ya miguu ya watu waliokuwa wakibishana juu ya jambo hilohilo: ukimpa mnyama kila mara, siku usipompa ataacha, lakini ukimpa mara mojamoja, bila yeye kujua ni lini, hataacha maisha yake yote. Profesa mwenyewe aliwahi kulihutubia somo hilo huku akimpisha Elzie na ufagio wake. Basi Elzie akaanza kukohoa kusudi, bila mpangilio. Leo mara moja, kesho mara tatu, keshokutwa hakuna, halafu mara moja mwishoni kabisa. Mwezi ukapita. Miezi mitatu. Shemasi hakushuka chini ya mia mbili. Profesa alikuwa akija kuitazama karatasi ya mashine, anashika kidevu, anaondoka. Hapakuwahi kuwa na mnyama asiyezimika.

Elzie alitimiza miaka sitini na tano mwezi wa sita. Dada yake wa Ohio alimpigia simu kumwambia chumba kiko tayari, aende akapumzike.

"Siwezi, Opal. Nina kazi."

"Kazi gani, wee mzee?"

"Nakaa nyuma ya mlango nakohoa."

Opal akauliza kama amerudia kunywa.

Mwezi wa kumi kikohozi kikageuka. Kilichokuwa kazi kikawa nimonia, na Elzie akabebwa hospitali akiwa na homa inayomfanya awasalimie wachimbaji waliokwisha kufa. Alilala siku tisa. Fahamu zilipomrudia sawasawa, alimwona Bernadine amekaa pembeni ya kitanda na daftari kifuani, macho mekundu.

"Sema," alisema Elzie.

"Profesa alisema mtihani usisimame. Mia mbili na kumi na mbili siku ya kwanza. Halafu tisini na saba. Halafu ikashuka tu." Akalibana daftari. "Siku tatu hizi za mwisho ni nane, sita, nne. Fomu imeshasainiwa. Ni leo saa nne."

Elzie alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo. Ndipo akatoa siri yake, maana hakuona faida ya kuendelea kuilinda. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemzuia asishuke. Nilikuwa nakohoa kusudi."

"Najua."

"Unajua?"

Bernadine akafungua daftari. Kila siku, kila saa, kwa mwandiko wake mdogo, palikuwa pameandikwa: kifaa kimetoa mlio. Kifaa kimetoa mlio. Mara mia moja na sita tangu mwezi wa nne.

"Profesa hakuliona hili?"

"Profesa anasoma namba. Hili ni neno."

Elzie aliushika ukurasa ule, akausoma upya kwa kidole, neno moja moja. Kisha akaketi kitandani, mipira ya hospitali ikimning'inia. "Mwanangu, mgodini kwetu tulilipwa kwa uzito. Mzani ukiharibika, unajua makaa ya siku ile yanakuwaje?"

"Yanakuwaje?"

"Hayahesabiwi. Hata kama umepima mlima mzima. Nipe koti langu."

Walifika ghorofa ya chini saa nne kasoro dakika tano. Elzie alikuwa amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, koti juu yake, kofia, na viatu visivyo na soksi. Profesa alikuwa mbele ya chumba cha nane, na kwenye meza ya magurudumu palikuwa na sinia, na kwenye sinia bomba la sindano limekwisha kuvutwa.

"Bwana Prater, ulitakiwa uwe umelala."

"Simamisha, Profesa. Mtihani wako una kasoro."

"Una data?"

"Ninayo." Elzie akakamata kola ya koti, akamwonyesha kile kibati. "Mimi ni kifaa. Wewe mwenyewe umenisaini. Mtihani ulisema kiimarishi kifichwe. Hakikufichwa, kilikuwa kibovu. Siku tisa nilikuwa kwenye matengenezo. Sasa kitabu chako cha utaratibu kinasema nini, kifaa kikiharibika mtihani unaendelea?"

Bernadine, bila kuulizwa, akasema kwa sauti nyembamba: "Ukurasa wa kumi na mbili."

Profesa hakuhitaji kufungua ukurasa wa kumi na mbili. Aliuandika yeye, mwaka 1961, baada ya pampu kuharibika na yeye kutupa jalalani kazi yake ya miezi minne huku wenzake wakimwona mwendawazimu. Data za kifaa kibovu zinafutwa zote, bila kujali zinapendeza kiasi gani. Ndiyo dini aliyokuwa nayo, na sijui kama alikuwa na nyingine. Aliitazama sindano. Alimtazama mzee mwenye gauni lililo wazi nyuma. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayetafuta njia ya kutoka kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Nane, sita na nne zifutwe," akasema hatimaye. "Pamoja na siku zote tisa."

Bernadine akafuta haraka, mpaka karatasi ikachanika.

"Lakini," Profesa akaendelea, na Elzie akajua bado hawajavuka, "ukurasa huohuo unasema kifaa kilichotengenezwa hujaribiwa kwanza. Kilango kitafanya kazi leo mpaka saa sita. Mibonyezo kumi, kinafunguka. Mnyama asipobonyeza, hakuna tena cha kuzimwa, na hatuna matumizi naye. Fomu itabaki palepale."

"Sawa," alisema Elzie, akaketi kwenye kiti chake.

Walikifungua kilango mara moja kwa mkono, ili Shemasi ajue kwamba kiko wazi kwa biashara. Elzie akavua kofia. Shemasi alimtazama. Alikuwa amekonda, na manyoya ya bega moja yalikuwa yamenyonyoka, ameyang'oa mwenyewe. Alimtazama Elzie sekunde mbili, labda tatu. Kisha akageuka polepole, akampa mgongo, na kilango kikafungwa.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Kalamu ya mashine ilikuwa ikichora mstari ulionyooka, bila hata ngazi moja. Elzie alijaribu kukohoa. Hakikutoka kitu, hospitali walikuwa wamemponya, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake kifua kilikuwa cheupe na kimya. Alijaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Bernadine alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Profesa alisimama akitazama saa yake, na kila dakika aliitazama upya, kana kwamba ile ya kwanza hakuiamini. Elzie alifikiri: ana haki. Siku tisa amebisha hodi, na hata kikohozi sikumpa. Mimi ningefungua?

Saa tano na dakika arobaini, tak.

Tak, tena, taratibu, kwa mapozi, kama mtu anayehesabu sumni mbele ya mkopaji asiyemwamini. Ya nane. Ya tisa. Ya kumi, na kilango kikafunguka.

Shemasi alikuwa bado ameketi ameupa mlango mgongo. Alikuwa ameunyosha mkono wake mmoja nyuma na kubonyeza bila kugeuka. Elzie akavua kofia, akauheshimu ule mgongo na lile bega lililonyonyoka kwa sekunde kumi kamili. Kilango kikafungwa. Mara moja mibonyezo ikaanza upya, kumi, na kikafunguka, na mgongo ulikuwa palepale.

"Anafanya nini?" Profesa alinong'ona. Alikuwa ameinama kwenye bega la Elzie, miwani imemshuka puani. "Bi Kuzma, mnyama anafanya nini?"

"Kanuna," alisema Elzie.

Bernadine alimtazama Profesa, kalamu hewani, akingoja kidole kielekee ukutani. Profesa alisimama wima, akasafisha miwani kwa ncha ya tai. Kisha akaisogeza ile meza ya magurudumu mpaka mwisho wa ukumbi, yeye mwenyewe, akaiacha huko.

Mpaka saa sita kamili kilango kilifunguka mara ishirini na tatu. Mara zote ishirini na tatu Elzie Prater alivua kofia yake na kuonyeshwa mgongo, na kila mara aliutazama mpaka sekunde ya mwisho, machozi yakimtiririka kwenye ndevu, akiwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa tangu Imogene afariki.